Bikoni Ziwe za Mwisho

Matanga hayajaisha vizuri, simu yangu inalia. Anayepiga mara nyingi ni mtoto wa kiume wa marehemu, kifungua mimba au kitinda mimba, maana wa katikati hutanguliwa na hao. "Saveya, njoo utukatie shamba. Mzee ametuacha, na kila mtu anataka kujua pake." Mimi huuliza jambo moja: hati iko kwa jina la nani? Naambiwa ni la mzee. Wakati mwingine ni la babu, aliyefariki kabla huyo anayenipigia hajazaliwa. Basi huwapa jibu lisilopendwa: bado hamjafika kwangu, nendeni kwanza mahakamani.

Kazi yangu ni kupima ardhi hapa Kitale na vijiji vinavyoizunguka, kuanzia Kwanza hadi Cherangany. Nilianza enzi za thiodolaiti na utepe wa chuma, na sasa nasaidiwa na setilaiti. Vifaa vimebadilika, ugomvi ni ule ule. Karibu kila familia niliyoikuta ikirushiana maneno kwenye mpaka ilikuwa imeanza na bikoni, yaani alama za mpaka, ikitumaini sheria itafuata nyuma. Sheria ya Kenya imepanga kinyume chake. Inagawa haki kwanza, halafu ndipo inagawa udongo. Anayepindua mpangilio huo hulipia kazi moja mara mbili, na mara ya pili ndugu huwa hawasemezani.

Jina moja, familia nzima

Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba yao makubwa yalinunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na kampuni za wakulima. Wazee waliouza ng'ombe na kuchanga pesa walipata ekari tano, kumi, ishirini. Hati ilipotoka iliandikwa jina la mtu mmoja, baba. Mke aliyepalilia mahindi yaliyolipa deni la shamba hakuandikwa, wala hakuna aliyeona ajabu.

Kwingineko historia ni ya zamani zaidi. Kuanzia mwaka 1954, chini ya mpango wa mkoloni uliobeba jina la Swynnerton, vipande vya ardhi katika Mkoa wa Kati vilikusanywa, vikapimwa na kusajiliwa. Mara nyingi shamba la ukoo liliandikwa kwa jina la ndugu mmoja, kwa makubaliano ya mdomo kwamba analishika kwa niaba ya wenzake. Wazee waliokubaliana walipokufa, wana wa aliyeandikwa walikuta hati safi yenye jina la baba yao tu, na wana wa wasioandikwa wakageuzwa wavamizi.

Kwa miaka mingi mahakama zilivutana juu ya jambo hili. Mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu iliamua kwamba amana ya kimila huifunga ardhi hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Aliyeandikwa peke yake huenda kweli anawashikia wengine. Lakini anayedai hivyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha: shamba lilikuwa la ukoo tangu awali, na yeye ni wa ukoo huo. Kuwa binamu peke yake hakutoshi.

Kabla ya mahakama, hakuna mwenye kipande

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1981. Kifungu chake cha 45 ningependa kisomwe kwa sauti katika kila matanga. Kinamkataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Hata hivyo, nikifika shambani nakuta tayari mtu ameuza "pointi". Kwa wasioijua lugha yetu ya mauzo, pointi moja ni sehemu ya kumi ya ekari. Ameuza pointi tatu kando ya barabara kulipia gharama za mazishi, au kumlipia mtoto karo, na mnunuzi ameshachimba msingi. Ana karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi na kugongwa muhuri, naye anaamini amenunua. Alichonunua ni ahadi ya mtu ambaye siku ile hakuwa na cha kuuza.

Njia yenyewe ni hii. Familia huenda kwa chifu, anayeandika barua ya kutaja warithi wote. Barua hiyo huambatishwa na cheti cha kifo na matokeo ya sachi, yaani upekuzi wa rejista, kutoka ofisi ya ardhi, na ombi hupelekwa kwa hakimu au Mahakama Kuu kulingana na thamani ya mali. Wenye haki sawa na mwombaji hutia saini ya kukubali, au hupewa taarifa. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Asipotokea, mahakama hutoa hati ya usimamizi wa mirathi. Wasimamizi hawazidi wanne, na mjane ndiye anayetangulizwa. Kukiwa na mtoto mdogo ambaye fungu lake litashikwa kwa amana, wasimamizi wawe angalau wawili.

Hapa ndipo familia nyingi huteleza, kwa kudhani msimamizi ni mmiliki. Kifungua mimba hurudi nyumbani na karatasi yenye jina lake na muhuri wa mahakama, akaanza kutembea shambani kama bwana mpya. Karatasi hiyo inampa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kulinda vilivyopo. Kugawa bado. Kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya mahakama kuithibitisha hati hiyo, na wakati wa kuithibitisha hutajwa kila mrithi na fungu lake. Orodha hiyo ndiyo ninayofanyia kazi. Asiyekuwa nayo simpimii, hata akija na gari la kunibeba.

Orodha ikificha mtu, kazi yote iko hatarini. Kifungu cha 76 kinaruhusu hati ifutwe wakati wowote ikiwa ilipatikana kwa kuificha mahakama jambo muhimu. Wanaofichwa mara nyingi ni dada walioolewa mbali, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye kijiji kizima kinamjua isipokuwa fomu ya mahakama.

Nani anapata nini

Kama marehemu hakuacha wosia, sheria yenyewe inagawa. Mwenye mke mmoja na watoto, mjane huchukua vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki huitumia maisha yake yote. Watoto watalipata shamba, lakini baada yake. Wana hawawezi kuliuza chini ya miguu yake, na yeye pia hawezi kuliuza bila mahakama kukubali. Kama hakuna mjane wala mgane, watoto wote hugawana sawasawa.

Wote. Nalirudia neno hilo kwa sababu ndilo linalochemsha baraza. "Saveya, huyu ameolewa Bungoma, ana shamba kwa mumewe. Tutamkatiaje tena hapa?" Sheria haiulizi binti ameolewa wapi. Mwaka 2005, katika kesi ya familia ya Uasin Gishu, Mahakama ya Rufaa ilikuta wake wawili, mmoja akiwa na wana na mabinti, mwingine mabinti watupu. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti ekari chache kuliko kaka zao. Mahakama ya Rufaa ililikataa hilo: kwamba binti huenda akaolewa si sababu ya kumpunguzia fungu. Miaka mitano baadaye Katiba ya 2010 ilisisitiza usawa huo, na kutangaza kuwa mila yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili.

Kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, kifungu cha 40 kina hesabu yake, nayo si ile ya wazee. Mila nyingi za huku hugawa kwa nyumba: wake wawili, nusu kwa nusu. Sheria huhesabu vichwa. Chukua shamba la ekari 12. Mama wa kwanza yuko hai na ana watoto watano, mama wa pili yuko hai na ana watatu. Jumla ni vichwa kumi. Nyumba ya kwanza ina sita, inapata ekari 7.2. Nyumba ya pili ina vinne, inapata ekari 4.8. Kisha ndani ya kila nyumba, mama hulitumia fungu la nyumba yake akiwa hai, na watoto wake hugawana sawa baadaye.

Nimesimama kati ya familia za namna hii ambapo mzee alikuwa amepanda safu ya mikaratusi katikati ya shamba kama mpaka wa wake zake. Nyumba yenye watoto wachache huipenda safu hiyo kupita kiasi. Mahakama huangalia nani amejenga wapi na mzee alionyesha nini akiwa hai, na mara nyingi watu huachwa walipo ili kuta zisibomolewe. Ila kupanda miti si kugawa urithi.

Mawili zaidi husahauliwa. La kwanza, aliyepewa kitu na mzee akiwa hai huhesabiwa alichopewa. Kijana aliyekatiwa ekari mbili alipooa, na akaandikishiwa, haji kwenye mgawo kana kwamba hana kitu. La pili, mtoto aliyekufa kabla ya baba yake hafutiki kama ameacha watoto. Wajukuu hao huchukua fungu la mzazi wao.

Hesabu hizi hazitumiki kwa kila Mkenya. Mwislamu hurithisha kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo pande zote zikikubali kwenda huko. Zipo pia wilaya, hasa za wafugaji, ambako mashamba na mifugo ya asiyeacha wosia huachiwa mila. Kwetu hapa, ukivuka tu kuingia Pokot Magharibi, unakuta utaratibu huo.

Si lazima shamba likatwe

Kuna jambo ambalo watu hushangaa likitoka kinywani mwa saveya. Mahakama ikishataja mafungu, familia inaweza kuacha shamba zima, hati moja, majina yote yakiandikwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua namna mbili za kumiliki hivyo, na kuzichanganya ni hatari.

Katika ya kwanza, wenye ardhi huhesabiwa kama mtu mmoja. Mmoja akifa, haki yake huenda kwa waliobaki na si kwa watoto wake. Namna hii inawafaa mume na mke. Kwa ndugu ni kamari ya nani ataishi zaidi. Katika ya pili, kila mmoja ana fungu lake linalohesabika ingawa halionekani kwenye udongo, labda moja ya kumi, labda mbili ya kumi. Akifa, fungu lake linakwenda kwa warithi wake. Ndugu wengi wanataka hii ya pili, na isiposemwa vinginevyo sheria huchukulia kuwa ndiyo. Hata hivyo, hakikisheni mafungu yameandikwa.

Mwenye fungu asilolitaka anaweza kumuuzia ndugu mwenzake. Akitaka kumuuzia mtu wa nje, anahitaji kibali cha maandishi cha wenzake, nao hawaruhusiwi kukataa kwa ukaidi mtupu. Kwa shamba la mahindi hili lina maana kubwa. Trekta halilimi vizuri kipande kirefu chembamba kama utepe, na ekari kumi zinazolimwa pamoja, mbolea ikinunuliwa kwa jumla, huwashinda ndugu kumi waliojifungia kila mmoja kwenye ekari yake.

Lakini kukaa pamoja si kifungo. Ndugu mmoja akichoka anaweza kuomba mgawo, hata wengine wasipokubali. Kifungu cha 94 kinamruhusu kupeleka ombi kwa msajili wa ardhi, ambaye husikiliza pande zote kabla ya kuamua. Na kama ardhi haikatiki bila kuharibika, kwa mfano ploti ya hamsini kwa mia mjini yenye nyumba moja ya kupangisha, sheria ina njia ya kuuza na kugawana pesa. Ndugu mwenye uwezo anaweza kuwanunulia wenzake mafungu yao kabla mambo hayajafika huko. Usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo, na kikao chake kipo hapa hapa Kitale.

Ekari za karatasi na ekari za udongo

Mkiamua kukata, ndipo nafika mimi, na ndipo hesabu ya mahakama inapokutana na mlima, mto na ng'ombe. Kwanza, ekari zilizoandikwa kwenye hati nyingi zetu ni za kukadiria. Sheria yenyewe inasema kwamba pale ambapo mipaka haijawekwa rasmi kwa vipimo kamili, ramani huonyesha mahali kwa makadirio tu. Shamba la ekari 12 kwenye karatasi linaweza kuwa 11.6 chini.

Pili, barabara. Kila kipande kipya lazima kifikike bila kupita kwa jirani. Barabara ya upana wa mita 9, ikienda mita 300 hadi kwenye kipande cha mwisho, inameza mita za mraba 2,700. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo barabara peke yake imekula thuluthi mbili za ekari. Katika lile shamba la ekari 12, zinabaki 11.33, na fungu la kila kichwa linashuka kutoka 1.2 hadi 1.13. Familia iliyopata agizo la mahakama linalosema "ekari 1.2 kila mmoja" inashikilia karatasi isiyoweza kutimizwa juu ya udongo huo, na wakili atalazimika kurudi kuomba irekebishwe.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Niiteni mapema kwa mchoro, na mwisho kwa bikoni. Mchoro wa awali, uliofanywa kabla ya siku ya kuthibitisha, unaonyesha barabara itapita wapi, nani anafika mtoni au kisimani, makaburi yatakuwa kwa nani na ndugu watayafikiaje. Kisha mwombeni wakili mafungu yaandikwe kama sehemu, moja ya kumi, mbili ya kumi, baada ya kutoa barabara. Sehemu haidanganyi hata vipimo vikibadilika.

Agizo likitoka, kazi haijaisha. Shamba la kilimo likirithishwa zima halihitaji kibali cha bodi ya ardhi, lakini likikatwa kuwa hati mbili au zaidi linahitaji. Bodi, chini ya sheria ya mwaka 1967, hutazama kama kukatwa huko kutapunguza mavuno. Kaunti nayo hutoa ruhusa yake ya mipango ya matumizi ya ardhi. Baada ya hapo naandaa fomu ya mutesheni, yaani ya kuonyesha mgawanyo wa shamba, ramani inarekebishwa, hati ya zamani inarudishwa, na vipande vinapata namba na hati mpya. Kila hatua ina ada yake. Familia iliyomaliza akiba kwa mawakili hukwama hapa, ikiwa na haki mkononi lakini haina hati.

Watu huniuliza kipande kidogo kabisa kinachoruhusiwa ni kipi. Katiba, kifungu cha 68, iliagiza Bunge litunge sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Muswada ulitayarishwa mwaka 2015 lakini haukupita. Kwa hiyo swali hilo hujibiwa bodi kwa bodi na kaunti kwa kaunti. Jibu langu ni la mkulima: kipande kisichoweza kumlisha aliyekipewa, wala kumpa nafasi ya kujenga na kufuga, kitauzwa. Jiulizeni basi kama hamtaki kuuziana ninyi kwa ninyi kabla hajaja wa kutoka mjini.

Mzee akiwa bado anakula ugali

Sheria hii ya kugawa kwa vichwa ni ya asiyesema kitu. Anayetaka vingine aandike wosia na kuutia saini mbele ya mashahidi wawili au zaidi, ambao si vyema wawe warithi wenyewe. Hata wosia wa mdomo unakubalika ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini hudumu miezi mitatu tu. Mzee aliyesema mwaka juzi chini ya mwembe "hapa ni pa Simiyu" hakuacha wosia. Wala wosia haumruhusu kumtupa mke au mtoto aliyemtegemea, maana mahakama inaweza kumpa riziki huyo aliyenyimwa.

Njia nyingine ni kugawa akiwa hai, kwa hati, akibakiza fungu lake na la mkewe. Wazee wengi huogopa kwamba akigawa leo kesho hataheshimiwa. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo maana husema abakize kipande kizuri, chenye maji, chenye jina lake na la mama.

Wazee wa ukoo bado wana kazi. Katiba inahimiza usuluhishi, na makubaliano yaliyofikiwa nyumbani, yakiandikwa na kutiwa saini na warithi wote, yanaweza kupelekwa mahakamani yakawa agizo. Kesi za namna hiyo hukwisha haraka kuliko nyingine zote ninazozijua.

Kwa hiyo mkinipigia, mniambie hati ina jina la nani, nani amefariki na lini, na mahakama imesema nini. Kama bado haijasema, nitawachorea mchoro na kuwaacha mwende. Mchoro huo, kabla haujafika kwa wakili, kwa bodi wala kwa kaunti, mumwonyeshe mama kwanza. Halafu muwapigie dada zenu walio Bungoma, Nairobi na kwingineko, muwatumie picha yake kwa simu na msubiri majibu yao. Mtu akikataa wakati huo, narekebisha kwa penseli. Akikataa baada ya bikoni, anarekebisha jaji.